Risasi Isiyo ya Risasi

Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Uingereza, mwenye leseni ya bunduki na idhini ya mwenye ardhi huweza kumwinda muntjac, kulungu mdogo wa asili ya Asia, mwenye kilo 10 hadi 18.

Kwa mnyama wa kimo hicho, risasi nzito yenye kasi kubwa huharibu nyama ya mabega. Ile ngumu isiyopanuka huweza kupenya tu, naye akakimbia na jeraha. Ndiyo maana sheria ya huko hutaka ncha laini au yenye tundu, ipanuke mwilini na kumwua upesi.

Kiswahili huliita kombora na madini yake kwa jina moja. Madini hayo humeguka vipande visivyoonekana, vikabaki nyamani, na sumu yake hudhuru ubongo wa mtoto. Risasi ya shaba haimeguki sana. Kwa nyama ya familia, hiyo ndiyo bora.

Mwindaji na ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Akimkuta yu hai, amchinje. Chakula chetu sharti kiwe halali, na kiwe chema pia.