Anayetaniwa Apewe Nenosiri

Nina neno ambalo limenikaa kooni. Linahusu bendi za ofisini.

Mnazijua hizo bendi. Mhasibu mmoja, mtu wa mauzo, waandishi wawili wa programu na kijana aliyeletwa na chuo kwa miezi mitatu. Ijumaa jioni wanasukuma meza za chumba cha mikutano ukutani, wanachomeka vipaza sauti kwenye UPS ya seva (tafadhali msifanye hivyo), kisha wanapiga muziki wa roki hadi bawabu anatamani zamu ya mchana. Mimi mwenyewe nimepiga gitaa la besi katika bendi ya namna hiyo kwa miaka miwili, na nilipiga vibaya. Sina ugomvi na bendi hizi. Ningependa kila ofisi Nairobi iwe nayo.

Ugomvi wangu ni na ule ukurasa. Bendi ikishapata jina, kabla hata haijaujua wimbo wa pili, lazima iwe na ukurasa wenye wasifu wa kuchekesha wa kila mwanachama. Mpangilio ni uleule popote uendapo: jina la jukwaani, ala, kazi ya mchana, chakula akipendacho, udhaifu wake. Mpiga besi ana nyuzi nne na anazijua mbili. Mpiga dramu hajui kuhesabu zaidi ya nne. Mwimbaji anachelewa, lakini tunamsamehe kwa sababu ni mrembo. Unacheka, unaendelea na kazi zako.

Sasa niulize swali moja: nani aliyeyaandika hayo? Katika kurasa nyingi nilizoona, na katika ule niliouunda mimi mwenyewe, aliyeandika ni mtu mmoja, yule mwenye nenosiri la tovuti. Na huyo kwa kawaida si mtu wa chini ofisini. Hapo ndipo nasema hapana. Wasifu wa kuchekesha aandike mwenye jina lake. Ukimwandikia mwenzako, na hasa mwenzako ambaye mkate wake uko mikononi mwako, unamsema hadharani mtu asiyeweza kukujibu, halafu unaita utani.

Kabla hamjaniambia kwamba sina mzaha, nataka tuwaangalie watu waliofanya mzaha huu vizuri. Historia ya mtandao imejaa bendi za kazini.

Mwaka 1990, wanawake wa CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe karibu na Geneva, Uswisi, walianzisha kikundi walichokiita Les Horribles Cernettes. Jina linamaanisha, kwa kubahatisha kidogo, wasichana wabaya wa CERN. Herufi zake za kwanza ni LHC, sawasawa na za mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe uliokuwa ukipangwa wakati huo, ambao ulikuja kuwashwa Septemba 2008. Nyimbo zao nyingi ziliandikwa na Silvano de Gennaro, mtaalamu wa kompyuta wa hapohapo. Picha yao iliyopigwa Julai 1992 ni mojawapo ya picha za mwanzo kabisa kuwekwa kwenye wavuti, baada ya Tim Berners-Lee kuomba apewe picha za kuweka.

Watu wengi wanaijua habari ya picha. Mimi nawaomba mtazame mzaha ulielekea wapi. Neno "wabaya" walijibandika wenyewe. Na wimbo wao wa Collider unahusu nini? Msichana anayelalamika kwamba mpenzi wake mwanafizikia hana muda naye, kila usiku yuko kwenye zamu ya mtambo. Yaani mfanyakazi wa kawaida anasimama jukwaani na kuwacheka madaktari na maprofesa wanaoheshimiwa dunia nzima, mbele yao. Waliimba hata kwenye sherehe ya Georges Charpak aliyeshinda tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992. Mzaha ulitoka chini ukapanda juu, na waliokuwa juu walikuwa na nafasi tele ya kujibu kama wangetaka.

Mfano wa pili ni Severe Tire Damage, bendi ya wataalamu wa kompyuta wa California. Jina walilitoa kwenye vibao vya maegesho vinavyoonya kwamba ukirudi nyuma tairi zako zitararuka. Tarehe 24 Juni 1993 walipiga muziki katika kituo cha Xerox PARC na onyesho likarushwa moja kwa moja kupitia mfumo ulioitwa Mbone, wakawa bendi ya kwanza kufanya hivyo kwenye intaneti. Picha ilikuwa na upana wa nukta 152 na urefu wa nukta 76, ndogo kuliko stempu kwenye skrini yako ya leo. Novemba 1994 Rolling Stones walipotangaza kurusha sehemu ya onyesho lao kwa njia hiyohiyo, hawa jamaa wakajitokeza hewani kabla yao na kupiga, wakijifanya ndio bendi ya kuwafungulia. Mbone haikuwa na mlinzi mlangoni. Je, mnaona walimtania nani? Walijitania wao, na wakawatania Rolling Stones, ambao sidhani walikosa usingizi.

Na mpiga dramu wao, yule ambaye katika kila ukurasa wa bendi ya ofisini huwa ndiye mjinga? Alikuwa Mark Weiser, aliyeandika makala ya 1991 kuhusu kompyuta zitakazosambaa katika kila kitu hadi tusizione tena. Simu iliyo mfukoni mwako na saa iliyo mkononi zimo katika fikra hizo. Alifariki mwaka 1999.

Sisi tulio huku hatuhitaji kwenda California kufundishwa utani. Utani tunao, na una sheria. Wazaramo na Wanyamwezi wa Tanzania ni watani tangu siku za misafara. Babu na mjukuu ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu ukacheka, lakini ni kwa sababu mlango uko wazi pande zote mbili: nawe unamrudishia, papo hapo, kwa kiasi kilekile. Tena mtani ana wajibu. Siku ya msiba ndiye anayekuja kufanya kazi, huku akiwachekesha wafiwa. Anayetania bila kutaniwa hana jina hilo. Tuna jina lingine la mtu wa namna hiyo, nalo ni mchokozi.

Sasa nikiri. Katika kampuni moja niliyofanya kazi hapa Nairobi tulikuwa watano kwenye bendi. Ukurasa niliuunda mimi, na wasifu wote niliuandika mimi, usiku mmoja, nikicheka peke yangu. Nikiusoma leo naona jambo la aibu. Wasifu wangu ulisema nalala saa tatu tu kwa sababu ya kuandika kodi, na kwamba naota kwa lugha ya Python. Huo haukuwa mzaha hata kidogo, ulikuwa majigambo yaliyovaa kofia ya mzaha. Wa meneja wetu, mpiga gitaa, ulisema ana magitaa mengi kuliko vidole. Sifa nyingine. Dada wa uhasibu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa mwanamuziki kati yetu, aliyefundishwa na kwaya ya kanisa kusoma noti, nilimwandikia kuhusu sura yake na kwamba anatafuta mume. Noti sikuzitaja.

Na mpiga dramu, mwanagenzi wetu, kijana wa Likoni? Nilikuwa nimetazama filamu ya This Is Spinal Tap ya mwaka 1984, ile ya bendi ya kubuni ambayo wapiga dramu wake hufa mmoja baada ya mwingine kwa ajali za ajabu. Nikaandika kwamba huyu ni wa kubadilishwa wakati wowote, halipwi, na hufika kazini na bia mbili mkononi na usingizi wa jana machoni.

Kijana hajawahi kuonja bia maishani mwake. Ndiyo maana ilichekesha, nilidhani.

Muda wake uliisha, akarudi chuoni, akahitimu, akaanza kutafuta kazi. Siku moja tukakutana mjini, tukanywa chai. Akaniambia kwamba katika mahojiano ya kazi aliulizwa, mbele ya watu watatu, kama bado ana tatizo la pombe kazini. Jina lake si la kawaida. Ukilitafuta, ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wetu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia niufute tangu mwanzo. Akatazama kikombe chake. "Ningesemaje, kaka? Kitabu changu cha chuo si wewe uliyekuwa ukikisaini?"

Niliuondoa ukurasa usiku uleule. Nakala zilikuwa zimeshahifadhiwa kwingine.

Kama watu wa teknolojia tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Mtambo wa utafutaji hausomi ukurasa kama rafiki yako anavyousoma. Unachambua maneno, unayaweka kwenye faharasa, kisha mtu akitafuta jina unamkatia vipande viwili vitatu vya sentensi vinavyolizunguka jina hilo. Picha ya mhasibu aliyevaa wigi la nywele ndefu haipo. Kicheko cha Ijumaa hakipo. Limebaki jina, na karibu yake neno "bia" na neno "kazini". Siku hizi kuna na hizi programu za akili bandia zinazofupisha habari za mtu, nazo zinaweza kuigeuza kejeli kuwa taarifa kamili yenye koma na nukta. Na Internet Archive, ambayo mimi naipenda na kuitumia kila wiki, ilianza mwaka 1996 kwa kusudi la kuhakikisha kurasa hazipotei. Inafanya kazi yake vizuri.

Nakuja kwa pingamizi, maana nazijua zote.

La kwanza: "Ni utani tu." Vizuri. Basi mpe na yeye nenosiri. Mwache mwanagenzi aingie kwenye ukurasa uleule na kuandika kuhusu meneja, aandike kuhusu zile siku za mwisho wa mwezi, aandike kuhusu nani hasa aliyerekebisha ile hitilafu ya malipo. Ukisita, umejijibu mwenyewe.

La pili: "Hakuna aliyelalamika." Sikuwahi kumsikia mwanagenzi akimlalamikia anayemsaini. Kimya cha mtu wa chini si kicheko.

La tatu: "Utaua raha, tubaki na zile kurasa za kampuni zinazosema kila mtu ana ari na anapenda changamoto." Hapana, hizo nazichukia zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kuzisoma akamjua binadamu. Ukurasa wa bendi ukiandikwa vizuri ndio mahali pekee kwenye tovuti ya kampuni ambapo mtu anakubali kwamba hajui kitu. Kwa hiyo ninataka kuulinda, na huwezi kuulinda kwa kuwaumiza waliomo ndani yake.

Tufanyeje basi? Kila mtu aandike wasifu wake kwa mkono wake, hata kama una makosa na hauchekeshi. Aliyeshindwa kabisa aandikiwe, asome, akubali kabla haujapanda. Mwenye cheo kikubwa ndiye atangulie kujicheka, na ajicheke kwelikweli, si kwa kujisifu kichinichini kama nilivyofanya mimi. Tucheke upigaji, tusicheke sura, dini, ndoa wala mshahara. Chini ya kila mzaha pawe na mstari mmoja wa kweli: huyu anapiga nini, ametunga wimbo gani. Na mtu akiondoka kazini aulizwe kama anataka kubaki kwenye ukurasa. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 tayari inampa mtu haki ya kudai habari za uongo au za kupotosha kumhusu zirekebishwe au zifutwe. Lakini bendi inayosubiri kusomewa sheria ndipo ifanye adabu, mimi sitaki kupiga nayo.

Kijana alipata kazi baadaye, mahali pengine. Dada wa uhasibu aliacha kuja mazoezini miezi miwili baada ya ukurasa ule kutoka. Alisema ana shughuli nyingi, nami nikamwamini kwa sababu ilinifaa kuamini. Tuliendelea bila mwimbaji, na kuanzia hapo tulikuwa bendi mbaya kwelikweli.

Kama una ukurasa wa namna hii, ufungue leo. Soma wasifu wa mtu wa chini kabisa kwenye orodha, kisha nenda kwenye meza yake umuulize anaonaje. Usimuulize mbele ya bosi.