Jogoo wa Mbegu

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni methali ya ukarimu, wala mimi sina nia ya kuupinga ukarimu. Ninayoipinga ni desturi moja iliyojificha nyuma yake. Mgeni afikapo, karo ya shule idaiwapo, au sikukuu ikaribiapo, mkono wa mwenye nyumba huenda moja kwa moja kwa jogoo aliye mkubwa, mzito na mwenye afya kuliko wenziwe. Huyo huchinjwa au hupelekwa sokoni. Anayebaki nyumbani kuwa baba wa vifaranga ni yule ambaye mnunuzi alimkataa na mpishi alimdharau. Kisha, miaka ikipita, mwenye nyumba hunung'unika kwamba kuku wa kienyeji ni wadogo, hawakui upesi, wala hawana faida. Lawama hiyo si ya haki. Kuku hawakujidhoofisha wenyewe. Sisi tumeshiriki kuwadhoofisha.

Yamkini, msomaji, utasema kwamba watu wa kwenu hawachagui kuku, bali huwaacha wazaane wapendavyo. Hilo haliwezekani. Kila mwenye kisu ni mchaguzi, apende asipende. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe, alieleza uchaguzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mfugaji ajuaye anachokitafuta. Wa pili ni wa mtu ambaye hana shabaha ya kubadili kizazi, ila huwatunza wanyama anaowathamini na kuwaachilia wengine wapotee. Naye pia, bila ya kujua, hubadili kizazi. Lakini mtu huyo wa Darwin aliweka walio bora. Sisi twaondoa walio bora na kuweka walio dhaifu. Kazi ni ile ile, ila imepinduliwa miguu juu, kichwa chini.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo la urithi, kwani walisema, "Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura." Kifaranga hupata nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba. Sasa tazama kundi la makoo 10 na jogoo 1. Kila koo ni mama wa vifaranga vyake tu, lakini jogoo ni baba wa vifaranga vyote. Kosa la kuchagua koo ni hasara ya kiota kimoja. Kosa la kuchagua jogoo ni hasara ya kundi zima.

Hapo atainuka mtu mwenye shida na kusema, "Mwalimu, uchaguzi ni anasa ya matajiri. Jogoo mkubwa ndiye mwenye bei, na mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa karo." Neno hili lina uzito, wala halifai kujibiwa kwa dharau. Nalijibu kwa hesabu. Tuseme jogoo bora amemshinda ndugu yake kwa kilo 1. Ukimuuza, faida yako ya ziada ni kilo hiyo moja, nayo huipati tena. Ukimweka, hatawarithisha watoto wake kilo nzima, kwa sababu urithi wake ni nusu tu, tena sehemu ya ukubwa wake ilitokana na chakula. Basi tuseme kila mtoto amezidi kwa gramu 100 tu. Makoo 5 wakiangua vifaranga 10 kila mmoja, una vifaranga 50. Hata mwewe na maradhi wakichukua 20, waliosalia 30 watakuwa wamekuongezea kilo 3. Na yule jogoo bado yupo, aweza kuuzwa baadaye. Maskini ndiye asiyeweza kumudu hasara ya kumwondoa mapema.

Wako na wengine wasemao kwamba dawa ni kuwafukuza kuku wa kienyeji na kuleta wa kigeni. Siwachukii kuku wa kigeni. Mahali penye chakula cha kununua na mashine ya kuangulia, hufanya kazi yao vizuri. Lakini Leghorn mweupe, ambaye sifa yake ni wingi wa mayai, ni nadra kuatamia. Mwenye nyumba asiye na mashine atapata mayai bila ya kizazi. Koo wa kienyeji huatamia siku 21, huwafunika vifaranga kwa mbawa zake, na kuwafundisha kumkimbia mwewe. Tazama pia hazina iliyomo ndani ya kuku wetu: kuchi wa pwani, mrefu mwenye nguvu, kuku wa kishingo, ambaye shingo yake tupu humpunguzia joto, na kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja. Mbegu ikipotea hainunuliki tena dukani. Hata taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, imewapatia wakulima kuku wa kienyeji walioboreshwa kutoka kituo chake cha Naivasha. Kama kuku hawa wangekuwa takataka, nani angejisumbua kuwaboresha?

Basi ewe kijana usomaye, kazi hii yakufaa wewe kuliko mtu mwingine nyumbani, maana una daftari na wajua kupima. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni". Nawe mfunge kifaranga uzi wa rangi, usiokaza, ili umjue mama yake, na uulegeze akuavyo. Wapime mapora wote wakiwa na umri mmoja, kwani aliyetangulia kuanguliwa huonekana bora bila ya ubora. Mwenye kidole kilichopinda au aliyeugua mara kwa mara, mwondoe. Usidanganywe na uzito peke yake: jogoo hatagi, basi ukitaka mayai uliza habari za mama yake. Alitaga mangapi? Aliangua mangapi? Alilea vifaranga wangapi hata wakajitegemea? Pora mzito aliye mwana wa mama mwema ndiye jogoo wa mbegu. Wala usimwache akae hata apande binti zake, kwa kuwa uzazi wa karibu huleta mayai yasiyoanguliwa na vifaranga wanyonge. Badilishana naye kwa jogoo bora wa kijiji kingine, na huyo mgeni umtenge wiki mbili kwanza, asije akaleta kideri.

Wala nisieleweke vibaya. Urithi haushibishi, wala haukingi kideri. Chanjo, maji safi na banda lisilovuja havina badala. Lakini chanjo hununuliwa, na mbao za banda hununuliwa, hali kumwacha jogoo bora aishi msimu mmoja hakugharimu ila subira. Ndiyo sababu sioni udhuru wa kutofanya hivyo.

Utakapotumwa kumkamata jogoo wa mgeni, mkamate aliye wa pili kwa uzito. Mgeni atashiba vile vile, na mwakani akirudi atakuta kuku walio bora zaidi.