Halmashauri zitenge fungu la wagonjwa wa akili

KATIKA vijiji vingi vya Tarime na Serengeti, kijana akichanganyikiwa usiku, kazi ya kwanza ya ndugu ni kutafuta kamba. Ya pili ni kutafuta gari. Ya tatu, kunapokucha, ni kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Kurasa hizi huandika zaidi habari za bei ya kahawa, mahindi na mifugo. Leo tunaandika habari za ugonjwa wa akili kwa sababu nao ni hasara ya shamba na ya duka, kama ilivyo ukame. Mgonjwa mmoja aliyezidiwa huwatoa kazini watu watatu: yeye mwenyewe, anayemlinda, na anayehangaika kutafuta fedha. Masika hayamngoji mtu. Ng'ombe wa plau wakiuzwa Februari, shamba hubaki pori msimu mzima, na mgonjwa hata akipona Aprili atakuta ghala tupu na deni.

Fedha hiyo huishia wapi? Sehemu huenda kwa mganga. Sehemu huenda kwenye mafuta ya gari la kukodi hadi Musoma, na hali ikiwa mbaya zaidi hadi Bugando jijini Mwanza, au Mirembe kule Dodoma. Wapo wanaopitia kwanza mahabusu ya polisi, kwa kuwa mgonjwa amevunja kibanda cha jirani na sungusungu wamemkamata kama mhalifu mwingine yeyote. Anapomfikia mtaalamu, siku zimepita na mikono ina vidonda vya kamba.

Wakati huo wote, kilichohitajika siku ya kwanza hakikuwa kikubwa. Ni dawa ya kumtuliza, kupimwa malaria na sukari, usingizi, siku chache za kuangaliwa, kisha mazungumzo na ndugu na tarehe ya kurudi kliniki. Vipimo hivyo si vya kupuuzwa. Malaria iliyopanda kichwani humfanya mtu apayuke, na mama aliyejifungua karibuni naye anaweza kuchanganyikiwa kutokana na uzazi. Hao wote hutajwa kuwa wamerogwa. Dawa kama haloperido na klopromazini ni za miaka mingi, haloperido imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na zote mbili hazimo katika kundi la dawa za bei ya kutisha.

Upande wa sheria, nchi yetu haikulala. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilikuja kuziba nafasi ya sheria iliyorithiwa kwa mkoloni. Utaratibu wa uchangiaji ulioanza miaka ya 1990 uliuweka ugonjwa wa akili kati ya magonjwa yenye msamaha wa malipo. Lakini msamaha usio na fedha ya kuufidia hugeuka karatasi: ushauri unatolewa bure, na dawa unaambiwa ukanunue dukani.

Wala si kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na WHO, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, ukiwapa ujuzi wahudumu wa kawaida ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Wazo lilikuwa zuri. Udhaifu wa kutegemea fedha ya mfadhili tunaujua sote, na kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 2025 kumetukumbusha tena. Hata mabinti wanaokimbia ukeketaji, ambao hufika Masanga na Mugumu wakiwa na hofu na majeraha ya moyoni, wamekuwa wakipokewa zaidi na mashirika yanayoishi kwa michango.

Kwa takwimu za WHO, serikali duniani kwa wastani hutumia kama asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili. Kwa hiyo ugonjwa huu wa bajeti si wetu peke yetu, ila hilo halimpunguzii mkulima wa Nyamwaga hata shilingi moja.

Tarime haiwezi kusema haina kitu. Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii. Serengeti nako Serikali imezoea kutambua hasara ya mwananchi: tembo akila shamba kuna kifuta jasho, akiua mtu kuna kifuta machozi. Fidia hizo hulalamikiwa kwa udogo na ucheleweshaji, lakini angalau zipo kwenye kanuni. Shamba lililolala kwa sababu mwenye kulilima amefungwa kamba nguzoni halina kanuni.

Watakuwapo watakaosema zahanati na wodi za wazazi zitangulie. Hatuombi jengo. Tunajua viongozi wanapenda majengo kwa kuwa hukatiwa utepe, na muuguzi hakatiwi utepe. Tunaomba vitanda vichache ndani ya hospitali ya wilaya iliyopo, Tarime na Mugumu, wauguzi waliosomea afya ya akili wasiohamishwa kila mara, dawa zisizokatika, na mafuta ya gari la wagonjwa. Vyote viwe na kasma yake katika bajeti, visiachiwe huruma ya mganga mkuu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, na madiwani huwa wameshapitisha makisio kabla haujaanza. Mwenye ndugu mgonjwa asingoje Juni. Asimame kwenye mkutano mkuu wa kijiji, aombe vitanda, wauguzi, dawa na mafuta viandikwe kwenye muhtasari, na kabla ya kuondoka amwombe mtendaji ausome kwa sauti.