Foklifti ya matope haiingii Kariakoo kabla lumbesa haijatoka

KILA gunia la viazi au vitunguu linaloshushwa kutoka kwenye lori Kariakoo, jijini Dar es Salaam, lina gharama ya kulishusha. Kazi hiyo hufanywa na makuli kwa mabega, kisha mikokoteni na maguta. Mwishowe gharama humrudia mkulima kwa bei ndogo.

Jina la eneo hilo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mzigo bado uko begani.

Je, foklifti ya ardhi korofi ndiyo dawa? Mashine hiyo ina matairi makubwa ya upepo, tumbo lililoinuka na mara nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne. Hupita kwenye matope ambako foklifti ya ghalani, yenye matairi madogo, hukwama.

Lakini nguvu hiyo ina bei yake. Foklifti ya ghalani inayobeba tani 2.5 huhitaji njia ya karibu mita nne ili igeuke na kupanga mzigo. Ile ya ardhi korofi huhitaji zaidi. Kwa kawaida hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hufagia pembeni. Katika mitaa kama Kongo na Tandamti, iliyojaa meza za wamachinga na watembea kwa miguu, hiyo ni hatari. Isitoshe, mashine yenyewe ina uzito wa zaidi ya tani nne, na si kila mfuniko wa mtaro utaihimili.

Kikwazo kikubwa zaidi ni lumbesa. Foklifti hunyanyua paleti, yaani jukwaa la mbao lililopangwa mzigo sawasawa. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja, nayo hupanda kwa mkupuo mmoja. Gunia lililovimba kichwani halipangiki; huteleza na kuanguka.

Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kuwa mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55. Lumbesa humuumiza kuli mgongo, na humpunja mkulima anayelipwa kwa gunia badala ya kilo.

Kwa hiyo, mahali pa foklifti ya ardhi korofi ni maghala ya ushirika vijijini, yenye viwanja vya udongo, ambako vikundi vinaweza kuikodi msimu wa mavuno. Kariakoo inafaa toroli ya mkono ya kunyanyulia paleti, kwenye sakafu iliyosawazishwa, nayo inaweza kusukumwa na makuli haohao bila kuwanyima riziki.

Hatua ya kwanza haihitaji mkopo wala mashine: ni mizani na gunia la kilo 50 lililoshonwa mdomo.