Mteja hufungwa na orodha, si na chombo

Wafanyabiashara wengi wa vyombo vya muziki hupima mali kwa mambo matatu: bei ya kununulia, nafasi ya kuhifadhia nyimbo na muda wa betri. Wawekezaji wadogo nao, wanapotazama hisa za kampuni za muziki, huhesabu vyombo vilivyouzwa au watu wanaolipa ada kila mwezi. Vipimo hivyo si vibaya. Lakini vinaacha nje kitu kimoja ambacho hakina bei dukani, na ambacho kwa maoni ya safu hii ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya faida katika biashara hii kwa zaidi ya miaka 20. Nacho ni orodha ya nyimbo aliyoipanga mteja mwenyewe.

Orodha haina muziki ndani yake. Ile ya kawaida kabisa, yenye jina linaloishia kwa M3U, ni karatasi ya maandishi matupu iliyojaa anuani: wimbo wa kwanza uko diski fulani, folda fulani, faili fulani; wa pili vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu anahamisha orodha ya nyimbo 60 za harusi kutoka kompyuta kwenda kwenye kicheza muziki cha mfukoni, jina la orodha linaonekana, akibonyeza hakuna kinacholia. Orodha inatafuta diski C ya kompyuta, na chombo kipya hakina diski C. Hata alama ya mkwaju inayotenganisha folda huegemea upande mmoja kwenye Windows na upande mwingine kwenye simu za Android. Na nyimbo za Kongo zenye majina ya Kifaransa zikipita kwenye orodha ya namna ya zamani, herufi zenye alama juu huharibika na wimbo haupatikani. M3U8 ilitengenezwa kuondoa tatizo hilo.

Hayo ni matatizo ya ufundi tu, na fundi mwenye subira huyamaliza kwa nusu saa. Tatizo lenye fedha ndani yake ni lile linalowekwa makusudi, na mfano wake mkubwa ni iPod.

Kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPod ya kwanza Oktoba 2001 kwa dola 399, na kuinadi kuwa ni nyimbo 1,000 mfukoni. Duka lake la nyimbo, iTunes, lilifunguliwa Aprili 2003 na kuuza wimbo kwa senti 99. Nyimbo hizo zilifungwa kwa kufuli la kielektroniki lililoitwa FairPlay, hivyo hazikulia kwenye chombo cha mfukoni cha kampuni nyingine. Watu wengi hukumbuka kufuli hilo na kudhani ndilo lililomshika mteja.

Takwimu za Apple yenyewe zinasema vinginevyo. Februari 2007, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alichapisha waraka akieleza kwamba hadi mwisho wa 2006 zilikuwa zimeuzwa iPod milioni 90 na nyimbo bilioni 2, yaani wastani wa nyimbo 22 kwa kila iPod. Kwa chombo cha nyimbo 1,000, hiyo ni chini ya asilimia 3. Zile asilimia 97 zilizobaki hazikuwa na kufuli la duka hilo. Jobs alitumia hesabu hiyo kujitetea kwamba kampuni yake haimfungi mtu, na kuhusu nyimbo zenyewe alikuwa na hoja.

Lakini hesabu hiyo hiyo inazaa swali ambalo mwekezaji angepaswa kuliuliza. Ikiwa karibu nyimbo zote zilikuwa huru, mbona wenye iPod waliendelea kununua iPod? Uzuri wa chombo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine iko ndani ya chombo chenyewe. Ukiichomeka iPod ya wakati ule kwenye kompyuta na kuifungua kama diski, nyimbo hazionekani mpaka ufichue folda zilizofichwa. Ukizifichua, unakuta mafaili yenye majina ya herufi nne yasiyo na maana kwa binadamu, yametawanywa katika folda F00, F01 na kuendelea. Mpangilio wote wa orodha umeandikwa katika daftari moja, iTunesDB, ambalo vicheza muziki vingine havikulisoma. Na ukiipeleka iPod kwenye kompyuta ya jirani ili nyimbo zijipange zenyewe, unaulizwa kama uko tayari kufuta kila kilichomo. Programu ya iTunes iliruhusu kutoa nakala ya orodha kutoka kwenye kompyuta, lakini njia ya kutoka kwenye chombo kurudi kwenye kompyuta iliachiwa mafundi wa nje. Mmoja wao aliita programu yake Senuti, ambayo ni iTunes iliyosomwa kinyumenyume!

Mtu aliyepanga orodha kwa miaka minne, ya safarini, ya msiba na ya shughuli, alikuwa na deni ambalo halikuandikwa popote. Kuhama kulimaanisha kuanza upya. Gharama hiyo hakuilipa Apple, wala mshindani hakuweza kuipunguza kwa kushusha bei ya chombo chake.

Washindani walijaribu. RealNetworks ilitoa programu ya Harmony mwaka 2004 ili nyimbo za duka lake zilie kwenye iPod. Apple ilikasirika, na kabla mwaka huo haujaisha mabadiliko ya programu za iPod yaliufunga mlango huo. Shauri lililofunguliwa Marekani mwaka 2005 juu ya kufungwa kwa wateja lilifika mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko Oakland, California, Desemba 2014, walalamikaji wakidai kiasi cha dola milioni 350. Apple ilishinda. Wazee waliona kwamba toleo jipya la iTunes lililobishaniwa lilikuwa maboresho halali ya bidhaa. Uamuzi huo ni wa haki kisheria kwa ushahidi uliotolewa, ila ulichukua karibu miaka 10, na katika miaka hiyo soko lilikwisha kuhamia kwenye simu.

Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba inaondoa kufuli kwenye nyimbo zake. Aliyetaka kufunguliwa nyimbo alizokwisha kununua alitozwa senti 30 kwa wimbo. Wauzaji wa hisa walioamini kwamba kufuli ndilo mtaji walipaswa kuogopa siku ile, lakini iPod milioni 54 ziliuzwa katika mwaka wa fedha wa 2009, karibu sawa na 2008. Zilipoanguka baadaye ziliangushwa na simu za mkononi, zikiwemo za Apple yenyewe. iPod ya mwisho ilisitishwa Mei 2022.

Microsoft inatoa fundisho la upande wa pili. Iliwashawishi watengenezaji kadhaa wa vyombo watumie mfumo wake ulioitwa PlaysForSure, maana yake chombo hakika kitacheza. Kisha Novemba 2006 ikatoa chombo chake, Zune, ambacho hakikucheza nyimbo za mfumo huo huo. Mwenye duka aliyekuwa na shehena ya vyombo vya washirika alibaki na mali iliyokanwa na baba yake. Sisi wa masoko ya Afrika Mashariki, ambao mara nyingi hupokea mali ya awamu iliyopita, tungefaa kuikumbuka hadithi hiyo kabla ya kufunga mkataba wa kontena.

Sasa orodha haimo tena mfukoni. Imo katika kompyuta za kampuni ya muziki wa kulipia ada. Spotify, iliyofungua milango Tanzania na Kenya mwaka 2021, inashikilia orodha za wateja wake kwa namna ambayo iPod haikuweza: ukiacha kuitumia, hakuna hata faili la herufi nne la kwenda nalo. Mwaka 2020 waliotengeneza programu ya SongShift walitangaza kuacha kuhamisha orodha kutoka Spotify kwenda kwa washindani, kwa sababu ya masharti ya kampuni hiyo. Kuingia hakukuwa na masharti hayo.

Sheria imeanza kuingia kati. Kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 zinampa mtu haki ya kupewa taarifa zake kwa mfumo unaosomeka na mashine, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 ina kifungu cha 38 kuhusu jambo hilo hilo. Mwaka 2024 Apple na Google walikubaliana njia ya kuhamisha orodha kati ya huduma zao. Kwa mwenye hisa, habari ya namna hiyo ina uzito kuliko tangazo la wateja wapya, kwani inaonyesha ni kampuni ipi inaamini mteja atabaki hata mlango ukiwa wazi.

Kwa wauzaji wetu kuna fedha ndogo ya halali hapa, na inashangaza wachache wameiona. Vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi vimekuwepo miaka mingi (kama wanamuziki wanalipwa ni mjadala mwingine, nao haujaisha), lakini vinauza nyimbo, haviuzi kazi ya kuhamisha kile mteja alichopanga. Kwa vicheza muziki, chagua chombo kinachofunguka kama diski ya kawaida, weka nyimbo na orodha katika folda moja, na andika anuani zinazoanzia kwenye folda hiyo badala ya diski. Kwa huduma za ada, programu za kuhamisha hulinganisha jina la wimbo na la msanii. Jina la Remmy Ongala likiandikwa kwa m mbili huku na m moja kule, mashine inaweza kuona watu wawili na kuacha wimbo njiani. Ada itozwe kwa orodha, si kwa wimbo, maana nyimbo 20 au 200 ni kazi ile ile. Kinachoongeza muda ni zile zilizokosekana, na idadi yake mteja atajiwe kabla hajalipa.