Kaa Asizikwe Ndani ya Mkate

Mwandishi wa safu moja ya mapishi ameshauri kwamba anayepika katlesi za kaa nyumbani achanganye nyama ya kaa na chenga za mkate sawa kwa sawa, ati bila hivyo zitasambaratika kwenye kikaango. Napinga. Ushauri huo unamdhulumu mlaji kile alichokinunua kwa bei kubwa.

Twende kwenye chimbuko la katlesi hizi: Maryland, Marekani, kando ya Ghuba ya Chesapeake. Huko kaa wa buluu, aliyepewa jina la kisayansi Callinectes sapidus mwaka 1896, ndiye mwenye sahani. Wapishi wa Baltimore hutia yai, mayonezi kidogo, haradali, viungo, na chenga za kushikanisha tu. Mapande makubwa ya nyama huachwa mazima.

Basi kwa nini katlesi zinavunjika? Haraka! Nyama haikuchujwa maji, au mchanganyiko haukupumzishwa. Ondoa mabaki ya magamba kwa vidole, changanya bila kuponda, finyanga, kisha weka kwenye friji kwa muda wa saa moja. Mkate hunywa unyevu, ubaridi hukaza mchanganyiko. Kikaangoni, yai huganda na kushika kila kitu. Geuza mara moja tu.

Ukiwa Mombasa au Tanga, kaa wa mikokoni anafaa vilevile: mchemshe, mtoe nyama, fuata njia hiyohiyo. Mvuvi amezama matopeni kumtafuta. Heshima ya jasho lake ni kuionja ladha ya kaa, si ya mkate.