GULIONI USIUZE KWA MACHO

Mwezi huu tuzungumze habari za gulio. Gulio ni soko la siku moja. Leo uwanja umejaa watu. Kesho umebaki mtupu, labda mbuzi wawili wanakula maganda ya ndizi. Wachuuzi wamekwenda kwenye gulio la kijiji kingine.

Watu wa milima ya Uluguru wanayajua magulio. Upande wa mashariki, huko Kinole, Mkuyuni, Matombo na Tawa, mvua ni nyingi. Watu wanaleta ndizi, mananasi, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Upande wa magharibi, huko Mgeta, watu wa Nyandira na Langali wanaleta kabichi, njegere, viazi na mboga nyingine za baridi. Mizigo mingine inapanda gari mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro mjini. Mingine inafika Dar es Salaam.

Kulima tunaweza. Kazi inayotushinda ni kuuza.

Tazama jambo hili. Mama ametoka mlimani alfajiri na mzigo kichwani. Ametembea saa mbili. Mnunuzi aliyetoka mjini anamwona akifika, lakini hanunui. Anakwenda kunywa chai. Anajua kwamba mama huyu hawezi kuupandisha mzigo ule mlimani tena. Saa kumi jioni, mawingu yanapotanda, mnunuzi anarudi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabichi hizi zote nakupa elfu nane."

"Mwanangu, asubuhi si nilikuambia elfu kumi na tano?"

"Asubuhi imepita, mama. Na mvua ndiyo ile inakuja."

Mama anauza. Hakupigwa, hakutukanwa. Lakini shilingi elfu saba zimebaki kwa yule kijana.

Kwa hiyo kabla hujafunga mzigo, jiulize hivi: mali yangu ikikosa mnunuzi, inaweza kurudi nyumbani? Kabichi haiwezi. Ndizi mbivu haziwezi. Pilipili manga kavu inaweza. Mdalasini mkavu unaweza. Ukivikausha vizuri na kuviweka mahali pakavu, vitakaa miezi mingi. Mtu mwenye mali ya namna hiyo anaweza kumwambia mnunuzi, "Hapana, nitauza gulio lijalo."

Mwenye kabichi afanye namna nyingine. Asikate zote kwa siku moja. Akate zile tu anazotazamia kuuza. Kama ana simu, aulize bei ya mjini jana yake. Na asikubali lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu. Mnunuzi analipa gunia moja na anachukua gunia na nusu. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wanaosimamia sheria hiyo ni Wakala wa Vipimo. Wengi wetu tunajua kwamba lumbesa ni kosa, lakini kila mtu akiwa peke yake anaogopa kumpoteza mnunuzi. Wakulima wa kijiji kizima wakikataa siku moja, mnunuzi atajaza gari lake kwa nani?

Sasa turudi kwenye viungo. Tuchukue pilipili manga.

Wakulima wengi huiuza ingali mbichi, palepale shambani. Karibu kilo tatu za pilipili mbichi hutoa kilo moja kavu. Basi usikubali bei ya mbichi kabla ya kufanya hesabu hiyo. Ichume wakati punje moja au mbili za kishada zimeanza kuwa nyekundu. Zitoe punje kwenye vikonyo. Zitie ndani ya kikapu, uzitumbukize katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja hivi. Zitakauka upesi na zitakuwa nyeusi sawasawa. Zianike juani juu ya turubai safi au kichanja, siyo chini kwenye vumbi na kuku. Jioni uziingize ndani. Jua likiwa kali, siku tatu mpaka tano zinatosha. Uma punje moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado. Ukiifunga ikiwa bado, itaota ukungu, na pilipili yenye ukungu haifai kuliwa wala kuuzwa.

Siku ya gulio fika mapema. Kaa mahali palepale kila wiki, ili aliyenunua wiki iliyopita akupate. Usikae karibu na dagaa wala mafuta ya taa, kwa sababu viungo huvuta harufu upesi. Chukua na kipande cha nailoni kwa ajili ya mvua. Huku kwetu mvua haipigi hodi.

Halafu kuna vipimo. Wengine wetu tunauza kwa macho. Tunapanga mafungu, au tunachota kwa kopo lililobonyea. Mnunuzi anasema, "Ongeza kidogo, mama," nasi tunaongeza, na mwisho hatujui tumeuza kilo ngapi. Kikundi cha watu watano au sita kinaweza kuchanga na kununua mizani ndogo. Iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na kila mwaka ipelekwe kukaguliwa tena. Mizani inamlinda muuzaji, na inamlinda mnunuzi pia.

Tena fungasha mali katika mifuko midogo. Mtu anayepita gulioni na shilingi elfu moja hawezi kununua kilo ya pilipili. Mfuko wa gramu 50 anauweza. Kilo moja hutoa mifuko 20 ya namna hiyo. Mama ntilie atachukua miwili, mwalimu atachukua mmoja.

Sasa chukua kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito. Andika hivi:

PILIPILI MANGA KAVU
KILO 10,000
MFUKO 700

Bei hizi ni za mfano tu. Wewe andika za kwako. Watu wengi wanaona haya kuuliza bei, wanapita tu. Boksi hilo linawajibu watu kumi kwa mara moja, na wewe unaendelea kupima. Andika mwenyewe, ndugu uliyejifunza kuandika, hata kama herufi zimepinda. Usimngoje mtoto atoke shuleni.

Mnunuzi akija, mpe punje moja aume. Ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mbegu za papai zikikauka hufanana sana na pilipili manga, na wapo wauzaji wanaozichanganya. Akishauma na macho yakamtoka, hatauliza tena.

Ushuru wa gulio lipa, na udai risiti. Kuhusu kusafirisha mazao, mwaka 2017 serikali iliondoa ushuru kwa mkulima anayepeleka mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kama hujui kanuni za sasa, muulize mtendaji wa kijiji kabla ya safari.

Lipo na gulio kubwa la mwaka, yaani Nane Nane. Wakulima wa mikoa ya Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga hukutana katika Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Morogoro mjini. Zungumzeni mapema na afisa kilimo wenu, mwende kama kikundi. Huko pengine mtauza kidogo tu. Lakini mtarudi na namba za simu za wenye maduka na hoteli, na namba hizo zina faida kuliko mauzo ya siku nane. Mkitaka kuweka mali dukani, nendeni ofisi ya SIDO mjini Morogoro. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Waulizeni pia habari za alama ya ubora ya TBS.

Mwisho ni daftari. Tuseme mama wetu safari hii hakuchukua kabichi. Alikuwa na kilo 30 za pilipili mbichi. Mnunuzi wa shambani alitaka kumpa shilingi 2,000 kwa kilo, yaani shilingi 60,000 kwa zote. Alikataa. Alikausha, akapata kilo 10. Kilo 6 aliziuza kwa kupima. Kilo 4 alizitia katika mifuko 80. Usiku ule aliandika hivi:

Kilo 6 kwa 10,000: sh. 60,000
Mifuko 33 kwa 700: sh. 23,100
Jumla ya fedha: sh. 83,100
Nauli kwenda na kurudi: sh. 6,000
Ushuru: sh. 1,000
Mifuko mitupu: sh. 3,000
Jumla ya gharama: sh. 10,000
Zilizobaki: sh. 73,100

Deni: mama ntilie, mifuko 2, sh. 1,400. Atalipa gulio lijalo.
Mifuko iliyorudi nyumbani: 45.